Kutoka jongoo bahari hadi kichupa cha chanjo: Vitu vinavyohisi na kubadilika

IKIWA umewahi kutembea mwambani Watamu au Malindi maji yakiwa yamekupwa, bila shaka umemwona jongoo bahari. Ni mnyama wa umbo la tango, mweusi au wa kahawia, alalaye mchangani pasipo haraka yoyote. Watu wa pwani hii hawamli. Anayevuliwa hukaushwa na kuuzwa ng'ambo, hasa Uchina. Watoto wengi humwonea kinyaa.

Hata hivyo, mnyama huyu ana sifa moja ya ajabu. Akiwa ametulia, ngozi yake huwa laini. Akiguswa au akitishwa, ngozi hiyo hukakamaa katika muda mfupi sana. Hatari ikipita hulegea tena, na aweza kulegea kiasi cha kujipenyeza katika ufa mwembamba wa jiwe. Hana mifupa kama yetu. Kinachobadilika ni ngozi yenyewe. (Tafadhali usiende kumsumbua makusudi. Katika mbuga za baharini za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, ni marufuku kuokota viumbe.)

Pengine utauliza, daktari ana haja gani na jongoo bahari katika ukurasa wa afya? Jibu ni kwamba ngozi ya mnyama huyu ni mfano wa vitu ambavyo wanasayansi huviita polima zenye akili, na baadhi ya vitu vya jamii hiyo vimo tayari hospitalini. Vingine vitakugusa siku utakaposhonwa kidonda. Kimoja chaweza kuamua kama chanjo anayopewa mwanao itamkinga au haitamkinga. Hicho ndicho hasa kilichonifanya niandike makala haya, na nitakifikia baada ya kueleza msingi wake.

POLIMA NI NINI?

Chukua tungo la shanga. Kila ushanga peke yake ni kitu kidogo kisichoshikilia chochote. Ukizitunga mia au elfu kwenye uzi mmoja, unapata kitu kipya chenye urefu, kinachoweza kupindwa, kusukwa na kufungwa. Polima ni tungo la namna hiyo, isipokuwa shanga zake ni chembe ndogo mno zisizoonekana kwa jicho.

Polima zimetuzunguka. Pamba ya shati lako ni polima. Kadhalika nywele, ngozi, mpira wa gurudumu, nailoni ya nyavu za wavuvi na ndoo ya plastiki ya kutekea maji. Nyingine zilitengenezwa na maumbile, nyingine na viwanda.

Ndoo ya plastiki haijali mambo madogo. Iwe asubuhi au adhuhuri, iwe imelowa au ni kavu, hubaki vile vile. Lakini kuna polima ambazo hali inayozizunguka ikibadilika, nazo hubadilika kwa namna inayoonekana wazi. Huenda zikashtuliwa na joto, unyevu, chumvi, tindikali au mwanga. Hizo ndizo huitwa zenye akili. Neno akili lisikuhadae, kwani hazifikiri. Zinaitikia tu.

Mfano mmoja umo jikoni mwa kila nyumba ya Pwani ifikapo Ramadhani. Faluda hugandishwa kwa aga, ambayo hutolewa katika mwani. Aga ikichemshwa ni maji, ikipoa kufikia nyuzi 40 hivi huganda, na haiyeyuki tena mpaka ikaribie nyuzi 85. Kwa sababu hiyo hiyo, maabara za hospitali huitumia aga kuoteshea vijidudu. Mwili wa binadamu una joto la nyuzi 37, na katika joto hilo aga hubaki imara huku vijidudu vikikua juu yake.

Mfano wa pili ni ute wa yai. Ukitiwa kikaangoni, ute uliokuwa maji mangavu huwa mweupe na mgumu. Tofauti yake na faluda ni kubwa. Faluda iliyoganda waweza kuichemsha ikawa maji tena. Yai lililokaangwa hata ukiliweka frijini mwaka mzima halirudi kuwa bichi. Tafadhali iweke tofauti hii akilini, kwa maana tutaihitaji: kuna vinavyorudi na kuna visivyorudi.

SOMO LA JONGOO BAHARI

Jongoo bahari ni katika vinavyorudi. Ngozi yake ina nyuzinyuzi ngumu za kolajeni zilizolala ndani ya ute laini. Fikiria fungu la fito za kujengea nyumba. Likifungwa kamba barabara, fito hushikana na fungu lote huwa gumu kama gogo. Kamba ikilegezwa, kila ufito huteleza peke yake. Ngozi ya jongoo hufanya vivyo hivyo. Mishipa yake ya fahamu hutoa amri, kemikali humwagwa ngozini, na nyuzinyuzi hizo ama hushikana ama huachana.

Mnamo mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, jijini Cleveland, Marekani, walichapisha katika jarida la Science habari za plastiki waliyoiunda kwa kumwiga mnyama huyu. Walichukua nyuzinyuzi nyembamba mno za selulosi, zilizotolewa katika viumbe wengine wa baharini, wakazichanganya ndani ya kitu kama mpira. Plastiki hiyo ikiwa kavu, nyuzinyuzi hushikana na huwa ngumu. Ikilowa, maji huingia kati ya nyuzinyuzi, nazo huachana. Ugumu wake ulipungua mara 40, na ilipokaushwa ulirudi. Aina nyingine waliyoiunda ililainika zaidi ya mara 2,000 ilipowekwa katika hali iliyofanana na ile ya ndani ya mwili, yaani majimaji na joto letu la kawaida.

Lengo lao lilikuwa ubongo. Kuna wagonjwa waliopooza ambao wataalamu hujaribu kuwasaidia kwa kuwatia sindano nyembamba za umeme ubongoni, ili kusoma amri ambazo ubongo hutoa. Sindano laini haiwezi kupenya. Sindano ngumu hupenya, lakini ubongo ni laini kama faluda, na kitu kigumu kikikaa humo huuchokoza kila kichwa kinapotikisika. Mwili hukizungushia kovu, na mawasiliano hufifia. Kinachohitajika ni kitu kigumu wakati wa kuingia na laini baada ya kuingia. Jongoo bahari ndiye aliyewapa njia. Kazi hiyo ingali zaidi katika maabara kuliko katika wodi, lakini inaonyesha jinsi kiumbe tunachokiruka mwambani kinavyoweza kumfunza mhandisi.

ZILIZOKO HOSPITALINI TAYARI

Si lazima uende Cleveland ili ukutane na vitu vinavyobadilika vyenyewe. Waweza kuwa umelala navyo wodini.

Wa kwanza ni uzi wa kushonea unaoyeyuka. Zamani madaktari walitegemea uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe, ambao mwili huumeng'enya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikaingia nyuzi za viwandani zinazofanya kazi hiyo kwa utaratibu zaidi. Maji ya mwilini huukata uzi huo polepole, ushanga kwa ushanga, na vipande vyake ni tindikali ambazo mwili unajua kuziondoa. Uzi mmoja utumiwao sana hubaki na takriban robo tatu ya nguvu zake baada ya wiki 2, nusu baada ya wiki 3, na humalizika kabisa kati ya siku 56 na 70. Kufikia wakati huo kidonda kimekwisha kujishika chenyewe.

Ila si kila uzi huyeyuka. Nailoni haiyeyuki, na ni lazima iondolewe. Kwa hivyo kabla ya kuondoka hospitalini uliza: "Nimeshonwa uzi gani, na nirudi lini?" Ukiona ncha ya uzi imechomoza, usiivute wala usiikate kwa wembe wa nyumbani.

Wa pili ni kitambaa cha kidonda kitokanacho na mwani wa kahawia. Mwani huo una polima iitwayo aljineti, iliyogunduliwa na mkemia wa Uingereza, Stanford, katika miaka ya 1880. Kitambaa chake ni kikavu kama pamba, na kimefungamanishwa na madini ya kalisiamu. Kikigusa majimaji ya kidonda, ambayo yana chumvi, sodiamu huingia na kalisiamu hutoka. Papo hapo kitambaa hugeuka kuwa ute mzito unaofyonza majimaji na kuacha kidonda na unyevu wa kadiri. Kinapobanduliwa haking'oi nyama mpya, tofauti na shashi kavu ambayo wagonjwa wengi huililia. (Mwani unaolimwa Zanzibar tangu mwaka 1989, na ule wa Kibuyuni huko Kwale, ni wa jamii nyingine. Hutoa karajinani, ambayo huenda umeipiga mswaki leo asubuhi, maana hutiwa katika dawa ya meno.)

Kitambaa hicho hufaa kidonda chenye majimaji mengi, wala si kidonda kikavu, na si rahisi kwa bei. Lakini funzo lake halina gharama. Kidonda hupona vyema kikiwa safi, kimefunikwa, na kina unyevu kidogo. Usikipake dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa wala kinyesi cha ng'ombe. Na ikiwa una kisukari, kidonda cha mguuni, hata kikiwa kidogo kama punje ya mchele, ni cha kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

KIBANDIKO KINACHOKUMBUKA JOTO

Sasa tufikie lile nililoahidi.

Chanjo ni kitu dhaifu mbele ya joto. Nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 tangu zinapotoka kiwandani mpaka zinapomfikia mtoto. Fikiria safari hiyo: uwanja wa ndege, ghala, lori, friji ya kaunti, kisanduku cha barafu kwenye pikipiki, mpaka zahanati ya ndani kule nyuma ya Malindi katika joto la kaskazi, mwezi wa Machi. Chanjo iliyoharibika kwa joto aghalabu hufanana kabisa na iliyo nzima. Haina harufu mbaya, na mara nyingi haibadiliki rangi.

Ndiyo sababu, kuanzia mwaka 1996, vichupa vya chanjo ya polio ya matone vilianza kubandikwa alama maalumu, na baadaye chanjo nyingi zinazonunuliwa kupitia shirika la UNICEF zikafuata. Alama hiyo ni duara la rangi ya zambarau, na ndani yake mna mraba mdogo mweupe au wa rangi hafifu.

Mraba huo umepakwa kemikali za jamii ya diasetilini. Mwanzoni ni kama shanga zilizomwagwa bila kutungwa, na hazina rangi ya kuonekana. Joto huzitunga. Kila saa ya joto huongeza shanga kwenye uzi, na tungo likirefuka rangi hukolea. Joto likiwa kali, hutungwa upesi. Likiwa dogo, hutungwa polepole. Kwa njia hiyo mraba hujumlisha joto lote ambalo kichupa kimelipata tangu kiwandani, kama karani anayeandika kila deni kitabuni.

Na deni hili halifutiki. Mraba ni kama yai lililokaangwa. Ukikirudisha kichupa frijini hauwi mweupe tena, wala chanjo iliyomo haipati tena nguvu zilizopotea.

Chanjo hazilingani kwa uvumilivu, hivyo vibandiko navyo ni vya aina mbalimbali. Kile cha polio ya matone ni chepesi kuliko vyote. Katika joto la nyuzi 37 hufikia kikomo kwa siku 2. Vingine huchukua siku 7, 14 au 30.

NILIVYOFUNZWA NA SISTA

Nikiwa daktari mchanga nilikwenda kusaidia kliniki ya watoto katika zahanati moja ya mashambani. Ilikuwa Jumatatu. Gesi ya friji ilikuwa imekwisha mwishoni mwa juma bila mtu kujua. Nje kina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, wengine wametembea tangu alfajiri na watoto mgongoni.

Sista msimamizi, mama wa makamo, alivitoa vichupa kimoja kimoja akavitazama mlangoni penye mwanga. Vingine alivirudisha kwenye kisanduku cha barafu. Vya polio akaviweka kando vyote.

"Sista, ni siku mbili tu," nikamwambia. "Tuwape. Hawa wametoka mbali."

"Daktari, mraba umekwisha kulingana na duara," akanijibu. "Wewe umeisomea chanjo, lakini kichupa hiki ndicho kilichokaa ndani ya ile friji."

Watoto walipewa chanjo zile zilizokuwa salama, na mama zao wakaambiwa warudi Alhamisi kwa matone ya polio. Wengine waliondoka wakinung'unika, na moyoni mwangu nilikuwa upande wao. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mimi ndiye niliyekosea. Chanjo iliyoharibika kwa joto kwa kawaida haimdhuru mtoto papo hapo. Hasara yake imejificha zaidi. Mama hurudi nyumbani akiwa na amani, kijitabu cha kliniki kimeandikwa tarehe na kupigwa muhuri, na kumbe mtoto hana kinga. Hakuna atakayejua mpaka siku ugonjwa utakapobisha hodi.

Chanjo nzima ina faida gani? Jibu limepatikana hapa hapa kwetu. Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo ya vijidudu vya nimokoko mwaka 2011. Vijidudu hivi huleta nimonia, homa ya uti wa mgongo na sumu ya damu. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust mjini Kilifi, ambao wamekuwa huko tangu mwaka 1989, walifuatilia matokeo yake katika eneo hilo. Ripoti yao ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba, kwa watoto walio chini ya miaka 5, maambukizi makali ya zile aina 10 za nimokoko zilizomo katika chanjo yalipungua kwa asilimia 92. Hayo ni matunda ya chanjo iliyofika kwa mtoto ikiwa hai.

MAMBO YA KUKUMBUKA KLINIKI

1. Omba kuonyeshwa kichupa kabla hakijafunguliwa. Huu si utovu wa adabu. Sema kwa upole, "Sista, naomba nione alama ya joto." Muuguzi mzuri atafurahi.

2. Mraba ukiwa na rangi hafifu kuliko duara, chanjo yaweza kutumiwa, mradi tarehe yake ya mwisho haijapita. Mraba ukilingana na duara, au ukikolea zaidi, chanjo hiyo haifai.

3. Kwa chanjo za unga, kama ile ya surua, alama huwa kwenye kifuniko au shingo ya kichupa. Kikishafunguliwa huna cha kutazama tena, na chanjo iliyokwisha kuchanganywa ni ya kutumiwa ndani ya saa chache tu.

4. Alama hii huona joto, haioni kuganda. Chanjo za pepopunda na ile ya magonjwa matano huharibika zikigandishwa, na mraba hautasema neno.

5. Katika kliniki za kibinafsi mjini, huenda ukakuta chanjo isiyo na alama. Hilo peke yake si kosa. Uliza friji ina kipimajoto, nani huandika vipimo vyake kila siku, na umeme ukipotea hufanywa nini.

6. Ukiambiwa urudi siku nyingine kwa sababu chanjo imeharibika, usikasirike wala usiache kurudi. Aliyekurudisha amekutendea wema.

Ndugu msomaji, huhitaji kukumbuka majina yote ya kemikali niliyoyataja. Jongoo bahari hukakamaa, hulegea, kisha huendelea na maisha yake. Mraba wa chanjo hubadilika mara moja tu, na hufanya hivyo kwa ajili ya mwanao. Utazame.